Anachojua mtu wa bustani, na kisichoingia kwenye mshahara wake

Fensi ya msaipresi ikikatwa kupita pale majani mabichi yanapoishia, hapo pamekufa. Haichipui tena. Doa la kahawia litabaki mpaka miti ing'olewe na kupandwa upya. Ziko fensi nyingi za namna hiyo Milimani kule Nakuru, na kwenye boma za zamani za Kitale na Eldoret: upande wa ndani kijani kibichi, upande wa barabarani fito kavu tupu. Aliyeikata alipewa panga, ngazi na agizo moja: "Punguza, imeingia barabarani." Akapunguza, tena kwa unyoofu wa kupendeza.

Nimefanya kazi za bustani kati ya Nakuru na Kisumu muda wa kutosha kuona kwamba hasara kubwa hazitokani na uvivu. Zinatokana na uamuzi wa mtu asiyejua, uliotekelezwa vizuri. Mwenye boma hulipia mikono. Kuamua, ambako ndiko kugumu, hukufanya mwenyewe akiwa mlangoni na kikombe cha chai, au humwachia fundi bila kumlipa.

Nianze na hizo fensi, maana ndizo zinazoonyesha jambo hili wazi kuliko kitu kingine.

Msaipresi uliokomaa una ganda jembamba la majani mabichi, mara nyingi halizidi upana wa kiganja. Ndani yake ni kuni. Kwa hiyo unakatwa mara nyingi na kidogo kidogo: wakati wa mvua, kila wiki sita hadi nane, ukiondoa ncha changa tu za sentimita tano hivi, na kila mara unaacha nyuma kijani cha kutosha kufunika mti. Fensi itanenepa polepole mwaka hadi mwaka, hilo halizuiliki, na aliyekuja kukata mara mbili kwa mwaka ameshachelewa. Juu ni tofauti. Kimo unaweza kukishusha, hata sentimita 15 chini ya pale unapotaka, kwa sababu matawi ya pembeni yatapanda na kufunika kidonda. Pembeni hakuna wa kukifunika.

Umbo nalo ni kazi. Chini pawe papana kuliko juu. Fensi ya mita mbili ikiwa na sentimita 80 chini na 50 juu, mwanga unafika mpaka miguuni. Wengi hukata kuta zilizosimama wima, au mbaya zaidi wanaacha juu patanuke kwa sababu mkono unachoka kunyanyua makasi. Baada ya misimu michache chini panapoteza majani na mbwa wa jirani anapita. Kamba mbili na vigingi vinne vinatosha kuzuia hilo, lakini kuvifunga kunachukua nusu saa, na nusu saa ambayo makasi hayasikiki yakilia huonekana kama ya kupumzika.

Kayaba, ule mti wa fensi wenye miiba, ni kinyume kabisa. Huo unaweza kuukata ukabaki kisiki cha sentimita 30 na mvua ya kwanza ukafumuka. Ugumu wake uko mwanzoni. Miche hupandwa safu mbili kwa zigizaga, sentimita 30 kati ya mche na mche, na ikifika urefu wa sentimita 30 hivi inakatwa vichwa ili itoe matawi chini kabisa. Hapo ndipo ugomvi huanza, kwa sababu mwenye boma anataka fensi irefuke haraka.

"Mbona unanikatia miche na bado midogo?"

"Mama, tukiiacha sasa itapanda juu na chini itabaki wazi. Tukiikata, itachelewa kidogo lakini hata kuku hatapita."

Fundi anayeweza kusema maneno hayo mawili, na akasikilizwa, amemwokolea mwenye boma pesa za waya.

Kuna pia kukauka kusikotokana na mkasi. Vidukari wa msaipresi waliingia Kenya mwaka 1990 na kuua fensi na misitu ya kupandwa sehemu nyingi. Hukaa ndani, kwenye vijiti vyembamba, na hushamiri kiangazi. Ili kuwaona ni lazima ufungue fensi kwa mikono miwili na kuchungulia: utakuta wadudu wa kijivu-kahawia wamepangana kwenye kijiti, majani ya chini yananata, na ukungu mweusi kama masizi umeshika. Sisimizi wakipanda na kushuka, shuku vidukari. Mkauko ukiwa upande mmoja tu, na umenyooka kama ulipimwa kwa rula, huo ni wa mkasi. Mti mzima ukififia kuanzia juu huku chini kuna tope, tatizo liko kwenye mizizi. Magonjwa haya matatu yanataka tiba tatu tofauti, na ukipulizia dawa ganda la nje tu hutibu hata moja.

Udongo ndio unaomfundisha adabu anayehama kati ya miji hii miwili. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, udongo wake mwingi ni wa majivu ya volkano: mwepesi, unachimbika kwa jembe la mtoto, na maji hupita humo kama hayakuja. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, joto zaidi, na ukishuka kuelekea tambarare za Kano unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Kipimo hakihitaji maabara. Chimba sentimita 20, chukua udongo wa kujaza kiganja, uloweshe, usokote. Ule wa majivu hukatika kabla haujawa kamba. Ule mweusi husokoteka mpaka unene wa kalamu, na unaweza kuupinda duara.

Kutoka hapo kila kitu hubadilika. Kwenye udongo mweusi huchimbi wakati wowote unaotaka. Ukiwa umelowa, jembe hukata mabonge ambayo yakikauka ni matofali, na hayavunjiki msimu mzima. Ukiwa mkavu, jembe linadunda. Kuna siku chache tu baada ya mvua ambapo bonge ukilibonyeza kwa dole gumba linamumunyuka, na siku hizo ndizo za kazi. Mtu wa bustani aliyeajiriwa Jumanne na Ijumaa hawezi kuziagiza zije Jumanne na Ijumaa.

Parachichi ndilo linaloumiza watu zaidi. Halivumilii maji kusimama kwenye mizizi. Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 45, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, halafu pima yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, usipande bapa. Inua tuta la sentimita 40 au 50, upana wa mita moja na nusu au zaidi, upande juu yake. Wasiofanya hivyo huona mti ukikua vizuri mwaka mmoja au miwili, kisha majani yanakuwa madogo, yanapauka, yananing'inia. Mwenye boma akiona yamenyauka hufikiri ni kiu, anaagiza maji yaongezwe, na kuoza kwa mizizi kunamaliza mti. Mti unaonyauka juu ya udongo uliolowa hautaki maji hata kidogo.

Nakuru tatizo hugeuka. Maji na mbolea vyote vinapita chini upesi, kwa hiyo kinachosaidia ni mboji: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na sentimita 15 za juu. Mbolea ya dukani igawanywe mara nyingi badala ya kumwagwa yote siku moja. Kwa nyasi, CAN, ile mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, gramu 20 kwa mita ya mraba inatosha kwa mara moja. Kizibo cha soda hubeba gramu tano hivi, basi ni vizibo vinne. Imwagwe majani yakiwa makavu, kisha maji yafuate hapohapo. Ikishika kwenye majani yenye umande, inayaunguza, na utaona nyayo za aliyemwaga zimeandikwa kwa njano.

Kuhusu maji nasema kwa kifupi, ingawa ndiko kunakopotea pesa nyingi. Lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20, na hiyo inatosha nyasi wiki nzima siku zisizo na jua kali sana. Nakuru igawe mara mbili kwa wiki. Kwenye udongo mweusi mara moja, polepole. Kunyunyiza dakika tano kila jioni hulowesha sentimita mbili za juu, mizizi inabaki juu, na bomba la mtaa likikatika siku nne nyasi zote zinalala. Wenye boma wanapenda kuona mpira wa maji mkononi kila jioni. Huo ndio mwonekano wa bidii kwao.

Nyasi zenyewe zina mabishano yake. Ile nyasi ya Kikuyu inapenda baridi ya Nakuru na hushika haraka. Ukiipeleka Kisumu bila maji ya kutosha huchoka mapema kiangazi, na paspalamu au ile ya majani mapana inayoitwa pemba huvumilia zaidi. Zote, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Imefika sentimita tisa, iache kwenye sita. Agizo la kawaida ni "kata chini kabisa ikae mwezi." Ikikatwa hivyo, shina za kahawia hufunuka, mwanga unafika kwenye udongo, na ndago, lile gugu sugu, inaamka.

Ndago inahitaji mazungumzo marefu kidogo. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga, na vingi viko kwenye sentimita 20 za juu. Nyuzi zikiwa nzima, viazi vingi vya katikati hulala. Jembe likipita na kuzikata, kila kiazi kinajitegemea na kuchipua. Ndiyo maana palipolimwa kwa bidii wiki jana leo pamejaa kuliko mwanzo, na fundi analaumiwa kwamba hakulima vizuri. Njia ya mikono ni hii: subiri mvua ilainishe udongo, ingiza jembe uma wima, nyanyua bonge bila kuligeuza, uvute mkufu mzima, uutoe nje ya bustani; usiutupe kwenye mboji. Rudi kila wiki mbili au tatu, kabla majani mapya hayajapata nguvu ya kutengeneza viazi vingine. Inachukua misimu. Anayekuahidi kuimaliza kwa siku moja anataka malipo ya siku hiyo moja tu.

Kuhusu dawa ya kuua magugu, sheria moja naishikilia bila mjadala: pampu ya magugu iwe peke yake, ipakwe rangi nyekundu, isitumike kupulizia maua au nyanya hata baada ya kuoshwa. Mabaki kwenye mpira na nozeli yanatosha kuharibu waridi. Na asubuhi yenye upepo kazi hiyo iahirishwe, jirani ana sukuma wiki.

Kukata tawi kubwa ni pale ambapo ujuzi unaonekana kwa macho ya yeyote anayejali kutazama. Tawi la jakaranda lenye unene wa paja halikatwi kwa mkato mmoja. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka kwenye shina, na unaingia theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, sentimita chache nje zaidi ya ule wa kwanza; tawi linavunjika hapo na kudondoka, na ule mkato wa chini unazuia gamba lisichunike mpaka kwenye shina. Hapo umebaki na kisiki chepesi, nacho unakikata kwa mkato wa tatu, nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi lilipoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Ukiukata ukawa sawa na shina, kidonda kinakuwa kikubwa na hakifungi. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuoza huingia ndani. Rangi ya mafuta juu ya kidonda haisaidii. Tawi likiwa karibu na nyaya za umeme, hiyo si kazi ya mtu wa bustani, na akikataa asionekane mwoga.

Vifaa. Makasi butu hupondaponda ncha za fensi, na siku tatu baadaye fensi nzima inaonekana imeungua. Nyasi iliyokatwa kwa kisu butu cha mashine hubaki na ncha nyeupe zilizochanika. Faili moja ya bapa hutibu yote mawili, lakini katika boma nyingi faili haipo, na ukiomba ununuliwe unaulizwa ile ya mwaka juzi iko wapi. Mashine ya kukata nyasi ikiwa na injini ya mipigo minne, plagi ivuliwe waya kabla mkono haujagusa kisu, na mashine ilazwe chujio la hewa likiwa juu. Ikilazwa upande mwingine, oili inaingia kwenye chujio na kabureta. Haitawaka, au itawaka na moshi mweupe mtaa mzima. Fundi wa mashine atalipwa kuisafisha, bila mtu kumwomba bei ya chini.

Na hapo ndipo swali la hadhi linaponikera. Amri ya kima cha chini cha mishahara ya mwaka 2024 inamweka mtunza bustani kwenye mstari wa kwanza wa jedwali, yaani wa chini, pamoja na mfagiaji, yaya, tarishi na mlinzi wa mchana. Kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu mstari huo ulikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Sisemi wengine hao hawana ujuzi. Yaya anajua mengi. Ninachosema ni kwamba jedwali hilohilo lina ngazi za fundi, kuanzia asiye na daraja, kisha daraja la tatu, la pili na la kwanza, kila moja na kiwango chake. Fundi wa mbao ana pa kupanda. Mtu anayejua kutofautisha vidukari na kuoza kwa mizizi, kwenye jedwali hili, yuko palepale alipo aliyeshika slasha jana.

Wengi hata hicho kima hawakioni, kwa sababu wanalipwa kwa siku, siku mbili hapa, mbili pale. Inafaa kujua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi au zaidi, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi. Anayekwenda boma moja kila siku ya kazi, miezi minane, akilipwa kila jioni, si kibarua mbele ya sheria hata kama daftari la mwenye boma linasema hivyo. Anayegawa wiki kwa boma tano yuko kwenye hali nyingine, na kwake bora bei ya kazi kuliko bei ya siku: mita za fensi, kimo chake, mara ngapi kwa msimu, nani anabeba takataka. Apige picha kwa simu kabla na baada, ziwe na tarehe. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya mamlaka ya sifa za masomo, KNQA, na huko pia hakuna anayeamini maneno matupu.

Kwa mwenye boma anayetaka kujua ameajiri nani, jaribio langu ni dogo. Mpe makasi butu na fensi. Akianza kukata mara moja, amezoea kuamrishwa. Akipitisha kidole kwenye makali, akauliza kama kuna faili, halafu akafungua fensi kutazama ndani kabla ya kusema itachukua muda gani, mlipe kama fundi, na umwulize akate wapi badala ya kumwambia.

Linalobaki ni kiangazi. Januari na Februari ndipo wengi huachishwa, kwa hoja kwamba nyasi hazikui. Kwa kweli hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza mashine na kunoa visu, kugeuza rundo la mboji kila wiki mbili au tatu na kulilowesha lisife, kuchungulia vidukari wanapokuwa wengi, kuzibua mifereji kabla mvua za Machi hazijaingia sebuleni. Mashimo ya miti huchimbwa Nakuru miezi hiyo, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu ukiwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, ili wa juu urudi kwanza na mboji. Anayeletwa mwezi wa tatu mvua ikiwa imeshaanza hajui mfereji uko wapi wala bomba la maji linapita chini ya waridi gani, na wa kumwonyesha alishaenda kutafuta kazi ya mjengo.